Hukukopa. Mbona unadaiwa?

Mama mmoja anayeuza samaki Likoni alitupigia simu Jumatatu moja asubuhi. Alitaka turudishe shilingi 1,500 alizokuwa amelipa Jumamosi jioni. Mhudumu wetu akamuuliza maswali ya kawaida. Ulikosea nambari? La, nambari ilikuwa sawa. Ulikuwa unamlipa nani? Hajui. Ulikuwa unalipia nini? Hapo mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Deni la fundi."

Fundi mwenyewe ni wa mabomba. Alimtengenezea sinki mwaka jana, na hawana undugu wala ujamaa. Wamewahi kupigiana simu mara tatu au nne tu, za kuulizana umefika wapi na vipuri ni pesa ngapi. Lakini tangu Alhamisi mama alikuwa anapigiwa na watu asiowajua, wakimwambia kwamba fundi ana mkopo wa shilingi 3,200 ambao hajalipa, kwamba yeye mama ameandikwa kama mdhamini, na kwamba asipomlipia, jina lake litapelekwa CRB. Simu nyingine ziliingia akiwa na wateja mbele yake. Meseji moja ilikuja na picha ya fundi, chini yake imeandikwa "mwizi". Ilipofika Jumamosi jioni alikuwa amechoka. Akalipa karibu nusu, ili apumue.

Jibu la kwanza alilopata kutoka kwetu halikuwa zuri. Aliambiwa kwamba pesa alizotuma mwenyewe, kwa PIN yake, kwa nambari aliyoikusudia, hatuwezi kuzirudisha. Kwa upande wa mfumo hilo ni kweli: tunarudisha pesa mtu akikosea nambari, lakini malipo yakiwa yamefika kwa biashara aliyotaka kuilipa, hatuna ruhusa ya kuingiza mkono kwenye akaunti ya biashara hiyo na kuzitoa. Shida ni kwamba hakuambiwa neno lingine. Hakuambiwa kwamba hakuwa na deni. Hakuambiwa kwamba tishio la CRB lilikuwa la uongo. Hakuambiwa kwamba kuna ofisi ya serikali inayoshughulikia mambo haya bila kumtoza hata senti. Yote hayo tulipaswa kumwambia siku ile ile, na kwa kuwa si yeye peke yake anayepigiwa simu za namna hii, tunayaandika hapa.

Tuanze na swali alilotuuliza: nambari yake ilifikaje huko?

Fundi alipokuwa anaweka programu ya mikopo kwenye simu, kulitokea kijisanduku kidogo kilichomuomba aruhusu programu hiyo ifikie orodha ya nambari zake. Akabonyeza "Ruhusu". Pengine hata hakusoma. Mtu anayetafuta pesa ya hospitali saa nne usiku hasomi, anabonyeza. Na mara tu alipobonyeza, programu ilipata uwezo wa kusoma orodha nzima, si nambari moja aliyoichagua yeye, na kuinakili kwenye kompyuta za kampuni. Kwa orodha ya watu mia nne au mia tano, kazi hiyo ni ya sekunde chache. Hakuna mlio na hakuna meseji ya kumjulisha. Ikishanakiliwa, hata akiifuta programu kwenye simu, nakala iliyoko huko haiondoki.

Sasa fikiria jinsi wewe mwenyewe unavyohifadhi majina. Hatuandiki majina ya vitambulisho. Tunaandika "Mathe", "Boss Kazini", "Pasta", "Daktari wa Presha", "Mama Watoto", "Mweka Hazina Chama", "Fundi Sinki". Yaani orodha ile si nambari tupu, ni ramani ya maisha yako ambayo umeichora mwenyewe kwa miaka. Mtu wa kudai madeni akiipata, hahitaji kufanya uchunguzi wowote. Anajua ni nani atakuaibisha zaidi akipigiwa. Akitaka kukutia presha ya kazi anampigia Boss, akitaka kukuvunja moyo anampigia Mathe. Na nadhani mama wa Likoni alipigiwa kwa sababu alikuwa ameandikwa kama mteja, na fundi asiye na jina zuri kwa wateja hana kazi.

Wazee wetu walipokopeshana, kulikuwa na mdhamini. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti, akakubali kwa mdomo wake au akatia sahihi. Benki na sako hadi leo zinafanya hivyo. Mikopo ya simu ilipoanza kushika kasi nchini, mkopeshaji hakuwa na shamba la kushikilia, wala logbuku, wala mdhamini aliyekaa kwenye kiti. Baadhi ya kampuni zikaona njia ya mkato: aibu ndiyo iwe dhamana. Na aibu huwezi kuishika bila kuwa na nambari za watu wanaomfahamu mkopaji.

Kwa muda mrefu hakukuwa na mtu wa kuzizuia. Kampuni hizi hazikuwa zinapokea amana kutoka kwa wananchi kama benki, kwa hivyo Benki Kuu ya Kenya haikuwa na meno juu yao. Mambo yalibadilika Desemba 2021, sheria ya Benki Kuu iliporekebishwa, na Machi 2022 zikatoka kanuni za wakopeshaji wa kidijitali. Kuanzia hapo, kampuni ya kukopesha kwa simu lazima iwe na leseni ya Benki Kuu. Kanuni zenyewe hazizunguki. Mkopeshaji haruhusiwi kutumia vitisho, matusi au lugha chafu anapodai. Haruhusiwi kumwanika mkopaji hadharani. Na haruhusiwi kuchukua orodha ya nambari za mteja ili awapigie watu wake mkopo ukichelewa.

Kuhusu CRB, hapo ndipo mama alipodanganywa mchana kweupe. CRB huhifadhi rekodi za mtu aliyekopa. Huwezi kupelekwa huko kwa sababu nambari yako ilikuwa kwenye simu ya mtu mwingine, kama ambavyo huwezi kufeli mtihani ambao hukuufanya. Hata kwa mkopaji mwenyewe kuna mipaka: kanuni hizo za 2022 zinamzuia mkopeshaji wa kidijitali kupeleka ripoti mbaya CRB kwa deni lisilozidi shilingi 1,000. Deni la fundi lilikuwa 3,200, kwa hivyo yeye angeweza kuripotiwa kwa kufuata utaratibu. Mama, kamwe.

Tukizungumza mambo haya na wateja, na hata sisi kwa sisi ofisini wakati wa chai, kuna maoni matatu yanayorudi kila mara. Yote yana chembe ya ukweli, ndiyo maana yanaudhi kuyajibu.

La kwanza: "Si amekopa? Alipe!" Ndiyo, alipe. Hatuandiki hapa kumfundisha mtu kukwepa deni. Mkopo aliochukua fundi ni wake, na sheria ya kulinda data haiufuti hata kwa shilingi moja. Lakini kuna njia halali za kudai: mpigie mkopaji mwenyewe, mtumie notisi, mkubaliane alipe kidogo kidogo, mripoti CRB kwa utaratibu, mpeleke kortini. Hakuna njia halali inayopitia kwa muuza samaki. Na ukweli wa biashara ni kwamba fundi akipoteza wateja kwa sababu ya zile simu, uwezo wake wa kulipa unapungua. Wanaodai hivi wanakata tawi walilokalia.

La pili: "Lakini alibonyeza Ruhusu mwenyewe, basi yameisha." Hili ndilo tunalolisikia zaidi, na ndilo linalofanya watu wengi kukaa kimya. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haioni hivyo. Idhini chini ya sheria hiyo lazima iwe ya hiari, iwe ya jambo mahususi, na mtu awe ameelezwa anakubali nini. Kukubali kwamba programu isome nambari "ili kukupa huduma bora" si kukubali kwamba mama yako apigiwe usiku. Kazi ya kuthibitisha kwamba ulikubali ni ya kampuni, si yako. Na hata ulichokubali jana unaweza kukikataa leo, maana sheria inakupa haki ya kuondoa idhini yako wakati wowote.

Halafu kuna jambo ambalo hata sisi tulichukua muda kulielewa vizuri. Fundi angeweza kutoa idhini juu ya habari zake mwenyewe, lakini nambari ya mama si ya fundi. Aliipewa ili ampigie kuhusu sinki. Tukibonyeza Ruhusu huwa tunadhani tunatoa kitu chetu, kumbe tunatoa vitu vya watu mia nne ambao hawapo, hawajaulizwa, na hawatajua hadi siku watakapopigiwa. Ndiyo maana mama ana haki zake mwenyewe kwa kampuni ile, hata kama hajawahi kuiona programu yao. Anaweza kuwauliza mna habari gani zangu na mlizipata wapi. Anaweza kuwaambia waziondoe.

La tatu: "Mimi sina la kuficha." Mara nyingi anayesema hivi ni mtu mwaminifu, hana deni na hana siri. Tunachomwomba ni afungue meseji zake za pesa za mwezi mmoja tu na azisome kama mgeni. Mshahara uliingia tarehe ngapi. Kodi ya nyumba ni ngapi. Karo ililipwa kwa awamu ngapi, na shule ipi. Nani anatumiwa pesa kila Ijumaa. Duka la dawa gani, mara ngapi kwa wiki. Programu za mikopo zilizotangulia hapa nchini zilijengwa kwa kusoma meseji hizo, kwa sababu zinasema ukweli kuliko fomu yoyote utakayojaza. Na programu inayoruhusiwa kusoma meseji inaweza pia kuona nambari za siri za mara moja zinazotumwa na benki yako. Hilo la mwisho ndilo linalotunyima usingizi sisi tunaofanya kazi ya malipo.

Wakenya tulizoea kuanikwa hata kabla ya programu hizi. Wengi mnalikumbuka lile daftari kubwa la ajenti, lenye kalamu iliyofungwa kwa kamba. Ulipoenda kutoa pesa uliandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, kiasi, kisha sahihi. Ukiwa unaandika ya kwako, ulikuwa unasoma ya waliokutangulia. Ulijua jirani ametoa elfu kumi na mbili saa tatu asubuhi. Hakuna aliyeona ajabu. Matapeli ndio waliokuwa wa kwanza kuona kwamba daftari lile ni mali.

Sasa tufanye nini? Inategemea uko upande gani wa simu.

Kama wewe ndiye mwenye programu ya mikopo, au programu yoyote usiyoiamini sana, ingia sasa hivi kwenye mipangilio ya simu, nenda kwa programu, chagua ile unayoitaka, kisha ufungue sehemu ya ruhusa. Utaona ilichoruhusiwa: nambari za watu, meseji, picha, mahali ulipo, kamera. Zima kile ambacho hakina maana kwa kazi yake. Tochi haihitaji kujua mama yako ni nani. Fanya hivyo kabla ya kuifuta programu, na ukimaliza iandikie kampuni meseji au barua pepe kwamba umeondoa idhini yako, kwa sababu kuzima ruhusa kunazuia wizi mpya lakini hakurudishi kilichokwisha kuchukuliwa.

Ukitaka mkopo mpya, angalia kwanza kama kampuni imo kwenye orodha ya waliopewa leseni, ambayo Benki Kuu huiweka kwenye tovuti yake. Tafuta jina la kampuni yenyewe, maana jina la programu mara nyingi ni tofauti, na kampuni moja inaweza kuwa na programu mbili tatu. Pakua kutoka Play Store, si kutoka kwa linki uliyotumiwa WhatsApp. Tunasema hivyo kwa sababu mahususi: tangu mwaka 2023 Google hairuhusu programu za mikopo kwenye Play Store kuomba nambari za watu wako wala picha zako, na kwa Kenya inadai ushahidi wa leseni. Faili iliyotumwa kwa linki haipiti kwenye mlango huo. Mtu akikwambia programu yake "haipatikani Play Store kwa sasa, weka hii", ameshakujibu.

Kama wewe ndiye unayepigiwa kwa deni la mwingine, usilipe. Usilipe hata kidogo "ili upumue". Ukilipa mara moja, nambari yako inakuwa nambari inayolipa, na nambari inayolipa hupigiwa tena. Usitukanane nao pia, ingawa tunajua inakaza roho. Uliza maswali mawili tu: kampuni yenu inaitwaje, na mlipata wapi nambari yangu. Wengi hukata simu hapo. Andika tarehe, saa na nambari iliyokupigia, na upige picha za meseji kabla hazijafutwa upande wa pili. Kisha wapelekee ujumbe wa maandishi. Unaweza kutumia huu, ubadilishe kama unavyotaka:

"Mimi sijachukua mkopo kwenu na sijakubali kuwa mdhamini wa mtu yeyote. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, nataka mniambie kwa maandishi mna habari gani zangu, mlizipata wapi, na mmempa nani. Ninapinga matumizi yake na ninataka mzifute. Msinipigie tena."

Kanuni za mwaka 2021 zilizofuata sheria hiyo zinaipa kampuni siku 7 kujibu ombi la kutaka kujua ina habari gani zako, na siku 14 kushughulikia ombi la kuzifuta. Ujumbe ule una kazi ya pili pia: wakikaa kimya, ukimya wao ni ushahidi.

Baada ya hapo nenda kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, inayofahamika zaidi kama ODPC. Malalamiko huwasilishwa kwenye tovuti yao au kwa kwenda mwenyewe, na hulipi chochote. Huhitaji wakili. Hata kama kuandika kunakusumbua, kanuni zinaruhusu malalamiko ya mdomo, wao ndio watakaoyaandika. Sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90. Hatutakuficha kwamba siku 90 ni nyingi kwa mtu anayepigiwa simu kila saa, lakini ofisi hii si ya mapambo. Inaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mauzo ya kampuni ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Septemba 2023 iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari zilizotoka kwa watu wengine ili kutuma vitisho na kusumbua kwa simu. Siku hizo hizo iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto hadharani bila idhini ya wazazi, na mkahawa mmoja shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila kumuuliza. Tofauti na faini, imewahi pia kuamuru mlalamikaji mwenyewe alipwe fidia.

Ukitishiwa kupigwa au kuuawa, hayo si mambo ya data tena. Nenda kituo cha polisi na utoke na nambari ya OB.

Na kama wewe ndiye fundi? Kuna upande huu ambao watu husahau. Mkopaji huwa ameshajawa na haya hata kabla ya simu ya kwanza, na akisikia watu wake wameanza kupigiwa, hujificha. Anazima simu, anahama soko. Tunamwomba afanye kinyume. Watumie watu wako ujumbe mfupi uwaambie kuna kampuni inapiga simu, wasilipe, deni ni langu na ninalishughulikia. Ujumbe huo unauma kuuandika, lakini ukishatoka, silaha ya upande ule imekwisha makali, kwa sababu hawana habari mpya ya kumpa mtu yeyote. Kisha zungumza na mkopeshaji kuhusu kulipa kwa awamu, kwa maandishi. Haki yako ya kulalamika ODPC haikuondoki kwa sababu unadaiwa.

Tumalizie na sisi wenyewe, maana mkuki kwa nguruwe. Programu yetu pia huomba ruhusa ya kufikia orodha ya nambari zako. Tunaiomba ili ukitaka kumtumia mtu pesa uchague jina badala ya kuandika tarakimu kumi kwa mkono, na ni kweli kwamba kuchagua jina kunapunguza pesa zinazokwenda kwa nambari isiyo sahihi. Orodha inasomwa ndani ya simu yako, hatuinakili. Lakini unaweza kukataa, na programu itafanya kazi kama kawaida. Utaandika nambari mwenyewe, na jina la mpokeaji litatokea kabla hujaweka PIN. Kijisanduku chetu cha kuomba ruhusa hakikuwa kinasema hivyo. Kilisema tu "ili kuboresha huduma", maneno yale yale tuliyoyacheka hapo juu. Tumeyabadilisha. Toleo jipya la programu linaeleza tunataka nini, kwa kazi gani, na kitufe cha kukataa kina ukubwa sawa na cha kukubali.

Jambo lingine tulilobadilisha liko kwenye dawati la huduma. Mteja akituambia amelipa deni la mtu mwingine kwa sababu ya vitisho, mhudumu hafungi tena mazungumzo kwa "hatuwezi kurudisha". Anachukua nambari ya biashara iliyopokea pesa, tarehe, kiasi na picha za meseji, na kuzipeleka kwa kitengo kinachosimamia akaunti za biashara. Kampuni inayopokea malipo kupitia kwetu imetia sahihi masharti, na kutisha watu ili walipe si mojawapo ya mambo tuliyokubaliana. Pesa hatuwezi kuzitoa kwa nguvu. Akaunti tunaweza kuisimamisha wakati tunauliza maswali, na taarifa tunaweza kuzipeleka kwa Benki Kuu na ODPC.

Kwa hivyo ukipigiwa na ukaambiwa ulipe kupitia nambari ya biashara iliyoko kwetu, tutumie nambari hiyo kupitia sehemu ya "Msaada" ndani ya programu, au piga simu na useme unaripoti deni lisilo lako. Hata kama hukulipa, itume tu. Mama wa Likoni ndiye aliyetupa ya kwanza. Pesa zake bado hajarudishiwa. Kampuni ile iliandikiwa, siku 7 zikapita bila jibu, na malalamiko yake sasa yako ODPC. Fundi alisikia habari kwa watu, akaja kibandani akamrudishia mia tano, na akaahidi iliyobaki mwisho wa mwezi. Simu, mama anasema, zimekoma.